Kiriba Chenye Muhuri wa Nuumani

Imetufikia habari kutoka kwa waliotutangulia, Mola awarehemu wote, kwamba Haji Suhaibu alilowa mbele za watu saa ile ile aliyokuwa akisifu kiriba kisichovuja.

Ilikuwa baada ya swala ya alasiri, katika mji mmoja wa ukingoni mwa jangwa, ambako misafara ya mahujaji ilikuwa ikitua kununua vifaa vya njiani: mahema, matandiko ya ngamia, na zaidi ya vyote viriba, ile mifuko ya ngozi ya mbuzi ya kuchukulia maji. Mbele yao palikuwa na nyika isiyo na kisima. Wakamwomba Suhaibu awape shauri, kwa kuwa alikwisha kuivuka mara nyingi, na kila mara akarudi mnene kuliko alivyokwenda. Akasimama, tumbo mbele, kiriba kipya kimejaa begani.

"Ndugu zangu," akasema, "mkiuona muhuri wa nyumba ya Nuumani, nunueni mmefumba macho. Nimekunywa maji ya viriba vyake mahali ambapo hata mijusi wanatoa shahada. Maji ya Nuumani, wallahi, hayatoki mpaka yaamrishwe!"

Wote walikuwa wakiitazama kanzu yake, ambayo toka kiunoni hadi vifundoni ilikuwa imegandamana na miguu, na dimbwi linakua baina ya makubadhi yake.

Alikuwapo ajuza mmoja, Bi Khaula, aliyekuwa akienda kuhiji pamoja na mkaza mwanawe na mjukuu wake mchanga. Huyo ndiye aliyefungua mdomo.

"Haji, hayo yameamrishwa, au yametoroka?"

"Ni kiriba, Bi Khaula!"

"Sijauliza ni nini. Nauliza kama bado una udhu."

Watu walicheka mpaka vilemba vikalegea, na Suhaibu akacheka kuwapita wote, maana ndiyo ilikuwa ada yake: katika kila mji aliopita aliacha kisa cha kujicheka mwenyewe, kama wengine wanavyoacha deni. Lakini moyoni hakucheka. Marehemu Nuumani, mshona viriba wa mji ule, alikuwa rafiki yake wa roho. Mwaka ule Suhaibu aliposhikwa na homa akaachwa nyuma na msafara wake, hakuwa na kitu ila kiriba cha Nuumani. Akakilalia kama mtoto anavyolalia kifua cha mama, na alipookotwa, ndani bado maji yalikuwa yakicheza. Kiriba hicho alikuwa nacho hata siku ile, kwenye bega la pili, kimekauka, kimejaa viraka, na hakuna aliyeweza kumshawishi akitupe.

Akaenda dukani vile vile, kanzu inachuruzika.

Hudhaifa, mwana wa Nuumani, alimpokea kwa mikono miwili. Mtoto huyu Suhaibu alipata kumbeba mabegani na kumfundisha kupiga mluzi, jambo ambalo mama yake hakulisahau. Hudhaifa akamkalisha, akamtilia kahawa, akamsogezea tende, kisha akarudishia mlango.

"Nimesikia, Ami. Habari imefika kabla yako."

"Kinavuja, mwanangu."

"Ni kimoja, Ami. Mshono mmoja tu. Lakini msafara mzima umenunua hapa. Wakivirudisha, nyumba ya baba itakufa mara ya pili." Akashusha sauti. "Waambie ulikifunga mdomo vibaya. Nani atashangaa? Wewe ndiye uliyepanda ngamia ukielekea mkiani."

"Ngamia yule hakuwa na adabu."

"Basi na kiriba hiki hakikuwa na adabu. Ami, kwako hilo ni nini? Mzaha mmoja zaidi."

Suhaibu akatafuna tende. Kweli, ilikuwa kitu gani? Maisha yake yote alijiita mjinga bila kulipwa. Safari hii angejiita mjinga kwa ajili ya mifupa ya rafiki yake. "Hilo jepesi," akasema, na alipokuwa akinyanyuka jicho lake likaangukia viriba vyake viwili, cha zamani na kipya, vimelala pamoja mkekani.

Muhuri wa kile kipya ulikuwa wa duara kamili, wino wa kahawia umekoza pande zote. Muhuri wa cha zamani ulikuwa kombo, upande mmoja umefifia mpaka karibu haupo.

"Mwanangu, muhuri wako mzuri kuliko wa baba yako."

Hudhaifa akachangamka. "Baba alikuwa na mkono mzito. Mimi naugonga ngozi ikiwa bado bapa, kabla ya kushona. Unatoka kama mwezi."

Suhaibu akakumbuka siku aliyomtania Nuumani kwa muhuri huo wa kombo, na Nuumani, bila kusema neno, akaupaka wino na kumgonga nao tumboni. Ukatoka upande mmoja tu. "Umeona?" Nuumani alisema huku akicheka. "Tumbo lililojaa halipokei muhuri sawasawa. Viriba navijaza, navitundika kutwa nzima. Kisichotoa tone ndicho ninachokigonga, kikiwa na maji yake tumboni." Wino ule ulikaa juu ya tumbo la Suhaibu hata mkewe akataka maelezo.

"Kwa hiyo siku hizi," akasema polepole, "muhuri unatangulia maji."

Hudhaifa akatazama kikombe chake. "Watu wamekuwa wengi, Ami. Wangesubiri mpaka lini? Mwanzo nilisema ni kwa msimu huu tu. Halafu msimu mwingine ukaja." Akainua macho. "Utawaambia ulivyoahidi?"

Adhana ya magharibi ikamwokoa Suhaibu asijibu.

Baada ya swala alisimama mbele ya mahujaji, naye Hudhaifa akasimama kando ya nguzo, mikono imefumbatwa. Watu walikwisha kuanza kucheka kabla hajasema.

"Haya, Haji," akasema Bi Khaula, mjukuu amelala mapajani pake. "Ungama. Ulikifunga vibaya?"

Uongo wenyewe huo, umeletwa mezani umekwisha kutiwa chumvi. Kilichobaki ni kuitikia kwa kichwa. Suhaibu akamtazama Hudhaifa. Akamtazama yule mtoto aliyelala, mdomo wazi, anayekwenda jangwani bila kujua nini maana ya kiu. Akamwomba Mola wake kimoyomoyo ampe ulimi wenye nguvu kuliko mapenzi yake.

"La," akasema. "Nilikifunga sawasawa. Katika mambo yote niliyofanya duniani, hili nililifanya sawasawa, na ndilo linaloniuma. Kiriba kinavuja. Niliwaambia mfumbe macho, nawasihi myafumbue. Kesho tuvijaze vyote, tuvitundike kutwa, na msafara usubiri."

Kicheko kikakatika. Amiri wa msafara akanung'unika kwamba siku moja ikipotea ni siku.

"Nimeisubiri hija mpaka nikang'oka meno," akasema Bi Khaula. "Kesho haitaniongezea pengo."

Hudhaifa akatoka bila kuaga. Na usiku ule, wasimulizi wanasema, Suhaibu hakumchekesha mtu.

Asubuhi kamba zilitandwa sokoni toka mlango hadi mlango, na viriba vikaning'inia vimejaa. Ilipofika adhuhuri, ardhi chini ya vingi mno ilikuwa imelowa. Ndipo mjane wa Nuumani, Bibi Rabiya, mwanamke wa ibada na maneno machache, alipotoka nyumbani na kisu kidogo, akaketi chini, akaanza kukwangua muhuri wa mumewe kwenye kila kiriba kilichovuja.

Suhaibu akamwendea, machozi yamemjaa. "Shemeji, niwie radhi. Nimemwaibisha mtoto wa rafiki yangu mbele ya watu."

Bibi Rabiya hakuinua kichwa. "Shemeji, kama unalia, lia kule. Ngozi hizi zimekwisha kulowa vya kutosha."

Hudhaifa alikuja baadaye, macho mekundu, sindano ya ngozi mkononi. Akaketi kando ya mama yake, akafumua mshono wa kwanza. Baada ya muda akasema bila kumtazama mtu, "Ami, shika huku." Suhaibu akashika. Alidungwa kidole mara kadhaa, na mpaka leo haijulikani kama zote zilikuwa bahati mbaya. Walishona, wakajaza, wakatundika, wakasubiri. Na muhuri ulipogongwa tena juu ya matumbo yale yaliyojaa, ulitoka kombo, upande mmoja umefifia. Suhaibu akaubusu.

Jina jema aliloliacha mzazi ni amana, ndugu yangu, na amana hailindwi kwa kusifiwa. Ampendaye mwenzake na amwambie pale anapovuja, kisha akae amshikie ngozi.

Msafara ulipokuwa unapakia, Bi Khaula alikuja na kiriba chake kilichoshonwa upya. Akakigeuza huku na huku, akaukodolea macho ule muhuri.

"Bibi Rabiya, niambie ukweli wa Mungu. Hiki ni cha Nuumani hasa, kama vile vya zamani?"

"Nuumani kafa," akajibu Bibi Rabiya. "Kitie maji."