Salamu Iliyoandikwa Karatasini

"Salamu si barua, haisomwi mara mbili."

Bibi Tumwitike aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kwenye ungo wa maharage. Alikuwa akimwambia mjukuu wake Lugano, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaa kwenye benchi la jikoni na uso umemvimba. Lugano alikuwa ameona kwenye simu ya mchumba wake ujumbe wa mkuu wa kazi wa huyo mchumba, maneno mawili tu, "Hai dia," na tangu hapo alikuwa akiyarudia kwa binamu zake kama mtu anayesoma hati ya mashtaka. Binamu zake walimcheka. Lakini waliposikia methali ya bibi wakaacha kucheka wakamwuliza imetoka wapi, maana shuleni hawakufundishwa.

Bibi akapepeta, akapuliza makapi, akasema methali hiyo haikutoka mbali. Ilizaliwa huku huku Rungwe, mwaka mabomba ya maji yalipoletwa kijiji cha Lupondo, na aliyeisababisha ni fundi baiskeli mmoja jina lake Ambakisye.

Ambakisye alikuwa na kibanda chake njia panda, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na njia ya kupandia mlimani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi mwenye subira, anayeweza kukaa nusu siku akinyoosha rimu moja mpaka izunguke bila kuyumba. Mkewe Tusekile alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, jambo adimu kwa wanawake wa kijiji enzi hizo. Ambakisye mwenyewe aliishia darasa la saba. Mbele za watu aliitaja elimu ya mkewe kwa fahari. Akiwa peke yake iliuma kidogo, kama kokoto ndani ya kiatu.

Mradi wa maji ulipokuja, ulitafuta mtu wa kutunza stoo ya sepeto na mabomba, mtu anayejua kusoma na kuelewana na mhandisi kwa Kiingereza. Tusekile akapata kazi. Mhandisi alikuwa Mwingereza mmoja mzee, Bwana Atha, mwenye magoti mabovu na masharubu meupe yaliyoungua njano kwa tumbaku. Kila asubuhi Landrova yake ilisimama njia panda, hatua chache kutoka kibanda cha Ambakisye, kumchukua Tusekile kwenda mlimani.

Siku ya kwanza Ambakisye aliinuka kusalimia. Kabla hajafika, alimsikia yule mzee akimwambia mkewe kupitia dirishani, "Orait, lav?" Tusekile akacheka, akajibu, "Orait, Bwana Atha," akapanda, gari likaondoka.

Ambakisye akabaki na pampu mkononi. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini neno lile la mwisho alilijua. Lilikuwa kwenye fulana za vijana wa mjini. Lilikuwa kwenye nyimbo za redio, na hakukuwa na mtu aliyeliimba bila kufumba macho.

Akajiambia amesikia vibaya. Kesho yake akaegemea ukuta akasikiliza. Lilikuwa neno lile lile. Jioni mkewe aliposhushwa, mzee akaongeza jingine, "Tara, lav," na Tusekile akapunga mkono. Siku ya nne akasikia kitu kilichomkata maini: mkewe naye, kwa sauti nyepesi kabisa, alijibu, "Orait, lav."

Hapo ndipo alipochukua kipande cha karatasi iliyofungia viraka vya tyubu, akaandika maneno yale kama alivyoyasikia, akakitia mfuko wa shati.

Usiku aliazima kamusi ya jirani. "Tara" hakuliona popote, na kwa kuwa hakuliona, aliamini ni neno la siri lililotungwa na watu wawili. Asubuhi akaenda kwa Mwalimu Mwaipopo wa shule ya msingi, akamdanganya kwamba ameyasikia redioni. Mwalimu alikuwa mtu wa vitabu. Akavaa miwani, akasoma, akasema la kwanza ni kuuliza kama mambo yako sawa, na la pili ni upendo. "Mtu akimwita mtu hivyo," akaongeza kwa uangalifu wa kimwalimu, "tafsiri yake ni mpenzi."

Ambakisye akaiandika na tafsiri chini yake. Sasa alikuwa na maneno na maana yake, na kila alipomaliza kuziba tundu alifuta mikono, akaitoa karatasi, akaisoma. Ajabu ni kwamba kila alipoisoma ilizidi kuwa ndefu. Mara ya kwanza aliona salamu. Mara ya kumi aliona ahadi. Mara ya ishirini aliona nyumba Ulaya, na mkewe amesimama barazani amevaa koti.

Akaanza kununa. Kwa kawaida ya Wanyakyusa, asubuhi watu wa nyumba moja huamshana kwa "Ugonile?", yaani umelala, na mwingine hujibu "Ndaga." Tusekile alimwamkia, Ambakisye akanyamaza akatafuta viatu. Tusekile akamwuliza kama anaumwa, akasema yuko sawa kabisa, tena akayatamka maneno hayo kwa namna ambayo mwanamke hakuielewa. Chakula chake akakigusa tu. Mtoto wao Subilaga, mwenye miaka mitatu, akawa anakula sehemu ya baba yake na kunenepa.

Siku moja alifunga kibanda mchana, akaifuata Landrova kwa baiskeli hadi mlimani. Alijificha kwenye mianzi kando ya mtaro tangu saa sita mpaka saa kumi, huku siafu wakimpanda miguuni. Alichokiona ni mkewe akigawa sepeto na kuandika majina ya wachimbaji, na mzee akipima mteremko kwa kamba huku akishika kiuno. Hawakukaribiana hata mara moja. Mtu mwingine angerudi nyumbani amepona. Ambakisye aliteremka akijiambia, "Wananiogopa. Wanajua kujificha."

Jioni hiyo akamwamuru mkewe aache kazi. Tusekile akauliza sababu. Ambakisye hakutaka kuitaja, maana kuitaja kungekuwa kuonyesha kwamba ameumia, akasema tu kwamba mwanamume akisema amesema. Tusekile akafunga nguo zake na za mtoto kwenye kitenge, akaenda kwa baba yake, Mzee Mwakalobo, ng'ambo ya kijito. Watu wakasikia. Kesho yake hakwenda kazini, kesho kutwa vilevile, na kikao kikaitishwa.

Walikaa uani kwa Mzee Mwakalobo: yeye mwenyewe, shangazi yake Tusekile, Tusekile na mtoto mapajani, na Ambakisye kwenye kigoda peke yake. Mzee akamtaka mkwewe aeleze shauri lake. Ambakisye alikuwa ameingojea saa hiyo majuma matatu. Akafungua kifungo cha mfuko, akaitoa karatasi iliyokwisha laini kama kitambaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa, akamkabidhi mkwewe kwa mikono miwili.

"Hii ni barua ya mapenzi, baba," alisema. "Mke wa mtu anaandikiwa na Mzungu."

Shangazi akashika kifua. Mzee akaipeleka karatasi mbali na macho, akaisogeza karibu tena, akasoma polepole.

"Ameiandika nani?"

"Ni maneno yake Bwana Atha."

"Sijauliza maneno. Nauliza mwandiko."

Ambakisye akakifunga kifungo cha mfuko. "Mwandiko ni wangu."

Kabla mzee hajasema lolote, muungurumo wa Landrova ukasikika nje. Wachimbaji walikuwa wamekaa siku mbili bila sepeto kwa sababu ufunguo wa stoo uko kwa Tusekile, na Bwana Atha alikuwa amekuja mwenyewe kujua kama karani wake anaumwa. Akaingia uani akichechemea, kofia mkononi, dereva wake Gwakisa nyuma yake. Wa kwanza kukutana naye alikuwa shangazi, bibi wa miaka sabini asiye na meno ya mbele.

"Orait, lav?" akamwambia, akamshika mkono.

Bwana Atha hakujua ameingia kwenye nini. Akamgeukia Mzee Mwakalobo, mzee mwenye mvi na fimbo, akainamisha kichwa kwa heshima, na kwa sauti ile ile akamwambia, "Orait, lav?" Kisha akamwona Ambakisye kwenye kigoda. Akamtambua kuwa ndiye fundi wa njia panda, akampiga bega kirafiki.

"Orait, lav?"

Ambakisye alitamani ardhi ipasuke. Maneno yale aliyoyasoma mpaka karatasi ikachakaa yalikuwa yameangukia begani mwake mwenyewe, na hayakuwa na uzito wowote. Yalikuwa mepesi kama vumbi la unga.

Mzee Mwakalobo akamwuliza dereva kuna nini katika maneno haya. Gwakisa akajikuna shingo. Akasema huko anakotoka Bwana Atha, kaskazini kwa Waingereza, wazee huitana hivyo wote, wake kwa waume, muuza mkate na mnunuzi, na hata "tara" ni kwaheri tu. "Mimi siku ya kwanza aliponiita hivyo," akasema, "nilitaka kuacha kazi nirudi kwetu."

Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa khanga. Mzee hakucheka. Alimkaribisha mgeni kiti, akaagiza apewe chai, kisha akamgeukia mkwewe.

"Mwanangu, mimi asubuhi nikikutana na mke wa jirani namwambia Ugonile. Namwuliza kama amelala. Sasa uliandike neno hilo, umpelekee mgeni mwenye kamusi. Atasema Mwakalobo anachungulia vitanda vya watu. Je, nachungulia?"

"Hapana, baba."

"Salamu hutoka mdomoni, hujibiwa, hufa. Ndivyo ilivyoumbwa. Wewe umeikamata ikiwa hai ukaifungia mfukoni, na kila ulipoifungua ilikuwa imeota jino jipya. Salamu si barua, mwanangu. Haisomwi mara mbili."

Ambakisye akadhani yameisha. Akamtazama mkewe, akitegemea labda naye atacheka kama shangazi. Tusekile hakuwa akicheka. Alimshusha mtoto, akasema kwa sauti ya chini, nayo ndiyo aliyoikumbuka Ambakisye miaka yote iliyofuata.

"Baba Subilaga, yule mzee hunisalimu, nami humjibu, na kabla sijafungua stoo nimeshasahau. Wewe umekaa na salamu ya mtu mwingine majuma matatu, ukailisha, ukailaza kifuani. Na mimi hukunipa hata moja ya kwako."

Tusekile akachukua ufunguo, akamwomba radhi Bwana Atha kwa Kiingereza, akapanda Landrova kwenda kazini. Jioni akarudi kwa baba yake, si kwa mumewe.

Ambakisye alilala peke yake usiku ule, akajua nyumba isiyo na salamu inavyokuwa, na akajua kwamba mkewe alikuwa ameijua nyumba hiyo kabla yake. Kulipokucha akavuka kijito. Akasimama nje ya ua bila kuomba kuingia, akasema, "Ugonile, Mama Subilaga?" Hakuna aliyeitika. Akapanda baiskeli akaenda kufungua kibanda. Siku ya pili vilevile, na ya tatu, na ya sita mvua ikinyesha. Hakuleta mashahidi, wala hakuuliza atarudi lini. Wenye kupita walimwona, wengine wakamcheka, naye akavumilia.

Siku ya tisa sauti ikatoka ndani. "Ndaga," ilisema, na baada ya kitambo ikauliza kama amekula.

Wiki iliyofuata Tusekile alirudi kwake, na kazi hakuiacha mpaka maji yalipofika Lupondo. Wivu wa Ambakisye haukufa siku moja. Kuna asubuhi Landrova iliposimama na mkono wake ukasita juu ya spoku. Lakini hakuandika tena kitu, na mkewe hakuondoka tena nyumbani bila kuamkiwa.

Bibi Tumwitike akachagua jiwe moja kwenye maharage akalitupa nje. Binamu walikuwa wakimtazama Lugano. Lugano akauliza, taratibu, sasa mtu atajuaje siku ikiwa ni barua kweli.

"Barua ina mwandiko wa aliyeituma," bibi akasema. "Ikija utaijua, wala hutamwuliza mtu. Lakini hiyo uliyoibeba tangu asubuhi ni watu wawili wamepishana mlangoni. Mchumba wako ameshaijibu na kuisahau, na leo hujampigia hata kumwuliza ameamkaje. Salamu si barua, mjukuu wangu. Haisomwi mara mbili."