Kurasa Alizozingojea Bi Hidaya

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani za wafalme na mazimwi, nasema zamani za juzi tu, simu zilipokuwa zimeshaingia mikononi mwa kila mtu, palikuwa na kundi la wasomaji kwenye WhatsApp. Watu thelathini na kitu, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso. Kazi yao kusoma riwaya na kubishana. Na kubishana walikujua, jamani!

Mama wa kundi alikuwa Bi Hidaya wa Korogwe, mwalimu mstaafu. Alinunua riwaya moja kuukuu kwenye vitabu vya mtumba, haichapishwi tena, habari za mwanamke aitwaye Nyamizi anayemtafuta mwanawe aliyepotea. Macho ya Bi Hidaya yameshachoka. Basi akampelekea kitabu Elinami, muuza dawa wa Moshi, awasomee wote kwa sauti.

Elinami akasoma. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, anarekodi, anatuma. Ana mafua, anarekodi. Koo limekauka, anarekodi. Kundi linasikiliza, linagombana: huyu anasema Nyamizi mjinga, yule anasema Nyamizi jasiri. Tunu, mshonaji wa Lindi, alikuwa akisikiliza huku anashona, na mara mbili alishona mkono wa gauni kinyume. Bi Hidaya yeye hakumsema Nyamizi vibaya hata siku moja. Mwanawe mwenyewe aliondoka miaka kumi na tisa nyuma, na hajaleta hata salamu.

Kufika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, Elinami akakwama. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa zamani, na hakuna aliyekuwa na habari.

Mambo yakaharibikia hapo, maana Bi Hidaya alikuwa amelazwa, apasuliwe moyo Alhamisi. Akatuma sauti, anahema: "Wanangu, nitaingiaje mle ndani sijui kama Nyamizi alimwona mwanawe? Atakayenifikisha mwisho, kitabu ni chake."

Ngwale, fundi baiskeli wa Songea, akaandika: "Nakwenda kuzitafuta." Alifunga kibanda, akapanda basi kwenda Njombe, kwenye shule moja aliyosikia ina maktaba ya zamani. Akapekua makabati mawili ya vumbi, siku nzima.

Alhamisi saa tatu asubuhi, Mwajabu, mpwa wa Bi Hidaya, akaandika kundini: "Presha imepanda, haishuki. Analia tu, anamtaja Nyamizi. Daktari anasema isiposhuka kufikia saa sita hawampasui, na moyo wake hauwezi kungoja."

Tunu akampigia Ngwale. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Saa nne ikafika. Akashika mkasi, akauweka. Akashika simu, akaiweka. Saa nne na nusu akabonyeza kurekodi: "Bi Hidaya, kurasa nimezipata. Nisikilize." Akasoma kisichokuwepo. Akasema Nyamizi alishuka kwenye treni, akamwona kijana anauza karanga, ana kovu juu ya nyusi, na kijana akainuka akasema, "Mama, mbona umechelewa?"

Bi Hidaya alisikiliza mara tatu. Presha ikashuka. Saa saba wakampasua, na akapona.

Ijumaa Ngwale akapata mtandao, akatuma picha za kurasa zenyewe. Kumbe! Nyamizi hakumpata mwanawe. Alirudi nyumbani, akafunga mlango, akafa bila kujua.

"Dada Tunu," Ngwale akauliza, "wewe umesoma kitabu gani?"

Tunu alijiinamia juu ya cherehani, aibu imemjaa. Akaandika: "Nilitunga, kaka. Naombeni radhi. Lakini bila ule uongo asingeingia mle ndani."

"Kurasa mia mbili na kumi na mbili," akasema Elinami, sauti imekauka kweli. "Bila mimi, Nyamizi mngemjulia wapi?"

"Mwisho aliouomba ni mimi niliyeuleta," akasema Ngwale. "Ule wa kweli. Hakusema mwisho mtamu."

Mwajabu akawasihi picha na maneno yale yote yafutwe, mgonjwa bado hana nguvu. Wote wakafuta kundini, Ngwale naye. "Ila akiniuliza mimi," akasema, "simdanganyi."

Jumapili Bi Hidaya mwenyewe akaingia kundini, sauti nyembamba lakini inacheka. "Tunu mwanangu, umenifikisha. Elinami, mpelekee kitabu chake. Nimemwambia Mwajabu, nikitoka hapa twende stesheni zote, tumtafute wangu. Kama Nyamizi alimpata, kwa nini mimi nisimpate? Hebu nisomee tena pale kwenye karanga."

Elinami, kitabu kiko mapajani. Ngwale, picha bado anazo simuni. Tunu kidole kiko juu ya kitufe, na wote wanaona kwenye simu zao: Tunu anarekodi. Anaacha. Anarekodi tena.

Haya, nyie mnaojua kuhukumu, msinitazame mimi. Yupo aliyemsomea kitabu, yupo aliyemtafutia ukweli, yupo aliyempa uongo akaishi nao. Je, nani alistahili kitabu kile? Na huyo Tunu, Bi Hidaya anamngoja: amsomee nini?