Majaji Watatu na Sauti ya Nyamizi

Leo nawaletea kesi, na mtu asinijibu kabla sijamaliza.

Katika nchi moja palikuwa na Mahakama ya Rufani yenye majaji watatu. Walikaa meza moja miaka tisa, na katika miaka hiyo hakuna aliyefurahia sifa ya mwenzake hata siku moja.

Jaji Zamda Kiluvia alikuwa na kipaji cha kuuliza. Wakili hajafika sentensi ya tatu, ameshakatizwa: "Lini? Kwa nini? Nani alikwambia?" Magazeti yalimpenda. Lakini wakili mmoja mgeni aliwahi kuchanganyikiwa na maswali yake hadi akasahau hoja yake bora, na mteja wake akarudishwa gerezani.

Kipaji cha Jaji Sefania Mwakisu kilikuwa kunyamaza. Alisikiliza mkono shavuni, bila kupepesa macho, na watu wakitazamwa hivyo huzidi kusema. Mitaani walimwita mwenye hekima. Zamda aliposikia hivyo, chakula kilimshuka kwa shida. "Hekima gani?" alimwambia mumewe. "Juzi kadanganywa mchana kweupe, naye katulia tuli!"

Jaji Protas Ndunguru alikuwa na kigugumizi, kwa hiyo mahakamani hakusema. Yeye alisoma. Karatasi aliyoipitia mara moja haikumtoka kichwani. Gazeti likiwataja Zamda na Sefania, yeye huandikwa "na mwenzao". Maneno hayo mawili aliyakata kwa mkasi, akayaweka kwenye droo.

Basi ikaletwa rufaa ya Nyamizi, mama aliyefungwa miaka kumi na minne kwa kosa la kuchoma nyumba ya mke mwenzake. Alishatumikia minne. Mtoto aliyemwacha akinyonya sasa alimwita shangazi yake mama. Nyamizi hakuwa na wakili. Alipoambiwa aseme, alisimama akasema, "Waheshimiwa, sikuchoma. Sina lingine."

Wakili wa Serikali, Bwana Chilongani, akainuka. "Waheshimiwa Majaji, hii ni kesi ya wivu. Mume alihamia kwa mke mdogo, mke mkubwa roho ikamuuma. Jirani alimtambua akitoka kwenye nyumba inayoungua."

Zamda akafungua mdomo. Sefania akamshika joho. "Mwache amalize," akanong'ona.

Zamda alichemka. Ananionea kijicho, aliwaza, anajua swali langu litaandikwa kesho. Hata hivyo akafunga mdomo.

Sefania akamkazia wakili macho. Kimya kikarefuka. Bwana Chilongani, aliyezoea kukatizwa, akajikuta anaongeza. "Na jirani hakubahatisha, Waheshimiwa. Uzio ulimzuia kuona, lakini sauti aliisikia. Mama huyu huimba akitembea, kijiji kizima kinajua. Siku ile alikuwa anaimba."

Katika jalada zima palikuwa na neno moja tu, "alimtambua". Namna alivyomtambua haikuandikwa popote.

Zamda hakuweza kuvumilia tena. "Siku ipi hiyo?"

"Alhamisi, tarehe tisa, Mheshimiwa."

"Haiwezi kuwa siku nyingine?"

"Haiwezi. Ilikuwa siku ya gulio."

"Uso hakuuona kabisa?"

"Hakuuona."

"Kwa hiyo tukiiondoa sauti, hakuna utambuzi?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

Hapo Protas akakumbuka. Ukurasa wa mia moja arobaini na tatu! Palikuwa na cheti cha hospitali ambacho hakuna aliyekijali: Nyamizi alipasuliwa koo tarehe mbili ya mwezi uleule, akaruhusiwa kwenda nyumbani tarehe nane, hawezi kutoa sauti. Protas akaandika namba ya ukurasa kwenye kikaratasi. Kisha akakishikilia. Alijua akimpa Zamda, kesho ni Zamda tena, "na mwenzao". Akakikunja, akakikunjua. Akamtazama Nyamizi pale kizimbani. Akakisukuma kwa Zamda.

Zamda akausoma ukurasa kwa sauti. Bwana Chilongani akaufunua, akausoma, akaketi.

Nyamizi aliachiwa siku ileile. Alipiga magoti akawashukuru wote watatu kwa pamoja, na hilo halikumpendeza hata mmoja wao.

Mwezi haukuisha, Jaji Mkuu akawaita. Alitaka kiongozi wa mahakama ile, na desturi ya kiongozi ndiyo itakayokuwa sheria ya wote.

"Ningemwacha Zamda amkatize," akasema Sefania, "neno la kuimba lisingetoka, na mama yule angekuwa bado ndani."

"Na mimi ningenyamaza kama wewe," akasema Zamda, "wakili angehamisha siku, angesema na uso ulionekana. Mimi ndiye niliyemfungia njia."

Protas akaandika, akamkabidhi Jaji Mkuu: "Mmoja alinyamaza, mmoja aliuliza. Jibu lilikuwa kwenye karatasi ambayo wote wawili hawakuikumbuka."

Jaji Mkuu akasema, "Nikimteua Sefania, majaji watasikiliza kimya. Nikimteua Zamda, watauliza wakati wowote. Nikimteua Protas, maandishi yatatangulia, na maneno ya mdomo yatakuwa machache."

Watatu wale wakatoka bila kuagana. Barua ya uteuzi ikabaki mezani, imeandikwa yote isipokuwa jina.

Haya, ninyi mliokaa hapa, kalamu nawapa. Kuna mtu mwingine atakayesimama mbele ya meza ile bila wakili. Mngeandika jina la nani?