Jiwe Lililofumbua Jicho

Jiwe la mwambani huulizwa kwa fimbo. Mnacheka, wajukuu zangu, jiwe litajibu nini? Basi sikilizeni neno hili lilikotoka.

Mize aliolewa kwetu akitoka mashamba ya ndani. Maji yalipokupwa sana, wifi yake, Mwanahija, alimchukua mwambani kuchokoa pweza. Huko kila mwanamke hushika fimbo: hugusa kwanza, ndipo akanyage. Kwa maana yupo samaki mmoja, ngozi yake mabaka na vinundu kama chura, mwani umemwota mgongoni. Hulala kimya kati ya mawe, hata kisamaki au kamba apite mbele ya mdomo wake, ammeze. Na mgongoni ana miiba ya sumu.

Siku ile Mize alipata pweza wengi. Akawatunga kwenye fimbo, akaitia begani, akawa anakwenda hivi hivi.

"Wifi, utagusa mawe kwa kitu gani?" Mwanahija akamwuliza.

"Fimbo imebeba kitoweo, huoni? Au wivu huo?"

Akakanyaga jiwe. Jiwe likafumbua jicho.

Ukelele ule, Mungu atuepushe. Mguu ukavimba pale pale, na maji yalikuwa yameshaanza kujaa. Mwanahija akambeba mgongoni, lakini maji yalichafuka, chini hakuoni. Akimkanyaga mwingine, wamekwisha wote wawili.

"Mwaga pweza, Mize! Shika fimbo, uliza mbele yangu."

"Siwezi, wifi. Niache."

"Nikuache, nimwambie nini kaka yangu? Uliza!"

Mize akachomeka fimbo huku analia. "Jiwe." Hatua. "Jiwe." Hatua. Maji yakafika kiunoni. Fimbo ikagusa kitu, kikabonyea.

"Usikanyage, wifi!"

Wakazunguka, Mwanahija akisoma kila dua aliyoijua.

Ufukweni wanawake waliutia mguu kwenye maji ya moto ya kuvumilika, kisha wakamkimbiza hospitali. Akapona, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, ila akawa anachechemea.

Miaka baadaye alikuja mtu kumposa binti yake. Mpole, mkimya, ametulia barazani kama hana neno na mtu; ila kwao hataki kupataja. Wazee walishakunjua mkeka wapokee mahari. Mize akasimama mlangoni.

"Jiwe huulizwa kwa fimbo. Tutume watu kwao kwanza."

Mgeni yule hakungoja watu warudi. Ndipo mji mzima ukaishika kauli ya Mize: jiwe la mwambani huulizwa kwa fimbo.