Mtoto Mmoja, Majina Matatu

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema bali hizi zetu za simu na pasipoti, walikuwako mume na mke wa Usangi, katika milima ya Upare. Mume aliitwa Sifaeli, mke aliitwa Nakiete. Walikuwa wameoana miaka kumi na mmoja, na nyumba yao haikuwa imepata sauti ya mtoto. Watu wa kwao walikuwa wameshaacha kuwauliza, na Nakiete aliona kule kuacha kuuliza kunauma kuliko kuuliza.

Sifaeli alikuwa fundi wa kupasua miamba kwa baruti. Kazi ikampeleka mbali kusini, nchi ya milima mirefu kuliko ya kwao, ambako watu hujitanda mablanketi mchana na theluji huanguka mwezi wa saba. Huko lilikuwa linachimbwa handaki la kupitisha maji. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, na mkewe akafuatana naye. Nchi yenyewe siitaji. Ninayetaka mumjue ni Nakiete.

Kila siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi gari la kampuni lilimchukua Sifaeli. Kila siku saa kumi na mbili jioni lilimrudisha. Kati ya saa kumi na mbili hiyo na hii, Nakiete alikuwa peke yake. Alifagia. Alipika. Alisimama dirishani akawatazama wanawake wakipita wakicheka, naye hakujua wanacheka nini. Sokoni alinunua kwa kunyoosha kidole. Kwao alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, kutwa anaitwa "Mwalimu, Mwalimu". Huku ziliweza kupita siku tano asiitwe jina lolote. Basi akaanza kusema na vitu. Akaiambia sufuria, "Chemka basi, mwenzangu." Siku moja aliugonga mlango wake mwenyewe akitoka uani, akasema, "Hodi," akajijibu, "Karibu." Aliposikia sauti iliyojibu ni ile ile iliyobisha, akaketi kizingitini akalia.

Mwisho wa barabara yao palikuwa na nyumba ya kulelea watoto. Nakiete akaenda kuomba kazi isiyo na mshahara, akapewa viazi amenye. Jikoni alipokewa na mjane wa miaka hamsini na kitu, jina lake Nthabiseng. Nchi ile mwanamke mzima huitwa Mme, yaani mama, basi Nakiete naye akamwita Mme Nthabiseng. Kila mmoja alikuwa na Kiingereza cha kuokoteza. Wakaunga kipande cha huyu na kipande cha huyu, wakaelewana.

Chini ya meza ya jikoni alikaa mtoto wa kike wa miaka mitatu. Hakusema. Hakulia. Alisikia vizuri, maana kijiko kikianguka aligeuka, lakini neno halikumtoka. Na mtu akimshika, anauma.

"Huyu ni nani?" Nakiete aliuliza.

"Puleng," akajibu Mme Nthabiseng. "Maana yake mvuani. Nilimkuta kwenye geti la zahanati, kafungwa kwenye gunia la unga, kitovu hakijakauka. Ilikuwa siku mvua ya kwanza ilipoanguka baada ya ukame. Jina nilimpa mimi."

"Mbona hukumchukua akawa wako?"

Mme Nthabiseng aliendelea kukata kabichi. "Niliomba. Walikuja kutazama nyumba yangu. Chumba kimoja, mjane, mume hakuna. Wakasema hapana, mtoto akaletwa hapa. Basi nami nikaomba kazi ya kupika hapa."

Miezi ikaenda. Nakiete alimenya viazi, na mtoto akakaa chini ya meza. Mwaka wa kwanza wa mkataba ulipokaribia kwisha, Nakiete akamwambia mumewe, "Nataka tumuasili yule mtoto." Sifaeli alinawa mikono, akaifuta, akasema, "Yule anayeuma?" Nakiete akasema, "Yule." Sifaeli akasema, "Haya. Twende tukaulize."

Wakaenda kwa ofisa wa ustawi. Ofisa akawasomea sheria. Mtoto atakaa chini ya paa lenu miezi kumi na miwili. Nyote wawili muwepo. Mmoja wenu akivuka mpaka, hata kwa siku moja, hesabu inarudi moja, mnaanza upya. Sifaeli akapiga hesabu kichwani: mkataba ulikuwa umebakiza miezi kumi na mitatu. Nafasi ya kurudi moja haikuwepo.

Kabla ya kutia saini, Nakiete alirudi jikoni. "Mme, sijasaini. Nimekuja kwako kwanza."

Mme Nthabiseng aliweka chini kisu chake. Kisha akasema, "Mchukueni. Ila mtafutie meza. Bila meza hatakaa."

Wakamchukua. Mtoto akaingia chini ya meza yao, akakaa. Mwezi wa kwanza alimwuma Nakiete mara nne. Mwezi wa pili alimwuma mara moja. Nakiete akawa anafanya kazi zake, na kila baada ya kitambo anaita kutoka jikoni, "Upo?" Kimya. Anaanika nguo, anaita kutoka uani, "Upo?" Kimya. Akimaliza kazi hulala sakafuni kando ya meza, ubavu kwenye saruji baridi, akamsimulia mtoto habari za Usangi kwa Kiswahili, za migomba na ukungu na watoto wa darasa la kwanza wanaopoteza penseli. "Upo?" Kimya. Theluji ikaanguka, mifereji ikaganda, na Nakiete akalala pale pale, na blanketi moja wakaligawana, nusu chini ya meza, nusu nje.

Kila Jumapili baada ya kanisa Mme Nthabiseng alikuja na mkate wa kuchemsha kwa mvuke. Yeye ndiye aliyemfundisha Nakiete kumbeba mtoto mgongoni kwa blanketi, fundo juu ya kifua, kona moja chini ya kwapa. Alisema na Puleng kwa lugha yao, akimwimbia kama alivyomwimbia tangu kitovu hakijakauka. Mtoto alimsikiliza. Hakumjibu.

Mwezi wa sita, Jumapili moja mchana, simu ya Sifaeli ililia. Ni dada yake, kutoka Usangi. Nakiete aliona mume wake akisikiliza, akisema, "Ee... Ee... Nimesikia," kisha akaiweka simu mezani kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Mama kazidiwa," alisema. "Ananiulizia. Daktari anasema ndugu wasisubiri."

Mama yake aliitwa Namkunda, na Sifaeli alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Mama huyo alikuwa amemsomesha kwa kubeba matofali.

"Nikienda, hesabu inarudi moja," Sifaeli akasema, akamtazama mkewe.

Nakiete alijua neno la kusema. Lilikuwa neno moja, "Nenda," na lilimfika kwenye ulimi. Lakini chini ya meza mtoto alikuwa ameweka mkono juu ya mguu wake, kwa mara ya kwanza, mkono mdogo wenye joto. Nakiete akasema, "Uamuzi ni wako, baba."

Sifaeli akaelewa. Hakwenda.

Siku ya tisa Mama Namkunda alifariki. Akazikwa Jumamosi saa nane mchana, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Dada yake Sifaeli aliishika simu juu ili kaka asikie. Sifaeli akaketi kwenye kiti katika nchi ya watu, simu sikioni, akasikia wimbo, akasikia mchungaji, kisha akasikia majembe na udongo. Alisikiliza mpaka simu ikakatika. Kwao uwanja ungejaa. Wangekuja wa ukoo na wasio wa ukoo, wangelala hapo, wangepika hapo. Huku hakuna aliyebisha hodi. Nakiete alikaa upande wa pili wa chumba na hakuthubutu kumgusa.

Jioni ile Mme Nthabiseng akaja. Alikuwa amesikia kwa dereva wa kampuni. Akavua viatu, akaketi sakafuni, akajitanda blanketi. Alikaa hivyo mpaka jua lilipozama. Ndiye mwombolezaji pekee waliyempata.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumanne, Nakiete alikuwa anaosha vyombo. Akaita kwa mazoea, wala hakusubiri kitu, "Upo?"

"Nipo," sauti ikasema.

Nakiete hakugeuka. Aliogopa akigeuka itakuwa ni yeye mwenyewe aliyejijibu. Akashika ukingo wa karai. "Upo?"

"Nipo."

Sifaeli aliporudi hakuamini. Akachutama karibu na meza na vumbi lake la miamba, akauliza taratibu, "Upo?" Mtoto akamjibu, "Nipo." Sifaeli akatoka nje, akaegemea ukuta, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Jumapili Mme Nthabiseng alipokuja, mtoto alitoka chini ya meza, akamwendea, akamwambia, "Nipo."

"Anasemaje?" Mme Nthabiseng aliuliza.

"Anasema yupo," Nakiete akajibu.

"Kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili, Mme."

Mme Nthabiseng akatabasamu, kisha akatazama mikono yake. Miaka minne alikuwa amemwimbia. Neno la kwanza lilipotoka, yeye alihitaji mkalimani.

Mwezi wa kumi na mbili ofisa wa ustawi alimwita mtu aliyemjua mtoto tangu mwanzo. Mtu huyo ni Mme Nthabiseng. Nakiete na Sifaeli waliketi nje kwenye benchi, na mlango haukufungika vizuri.

"Ushahidi wako ndio utakaoamua," ofisa alisema. "Ukisema hana raha kwa wageni hawa, atarudi kwetu, atakuwa nawe jikoni kama zamani. Je, anaendelea vizuri?"

Nakiete alisikia saa ya ukutani.

"Anaendelea vizuri," Mme Nthabiseng akasema. "Sasa anasema."

Basi mahakama ikaridhia. Wote wanne wakaenda kwa karani kuandikisha cheti, Nakiete akiwa na mtoto mgongoni, fundo juu ya kifua. Karani alikuwa mzee mwenye kalamu ya wino. Akasema, "Mtoto aliyeasiliwa huandikwa upya. Jina lake moja, kisha jina la baba. Kisanduku ni kimoja, na likiandikwa halibadilishwi. Aitwe nani?"

Sifaeli akasema, "Aitwe Namkunda. Kwetu Upareni mtoto hurithi jina la bibi yake. Mama yangu aliniita, sikwenda. Alizikwa, sikutupa hata konzi ya udongo. Nilikaa ili huyu awe wetu. Ningekwenda, leo tusingekuwa hapa mbele yako. Nikirudi Usangi bila mama, nirudi na jina lake. La sivyo nitasimama kwenye migomba ile niseme nilikosa mazishi kwa sababu ya nini?"

Nakiete akasema, "Aitwe Nipo. Jina hilo hakupewa na mtu, alilitoa kinywani mwake. Miezi tisa nimelala sakafuni nikiita bila kujibiwa. Mume wangu alikuwa kazini, Mme alikuja Jumapili. Siku sita zilizobaki tulikuwa sisi wawili, mimi na yeye, na sote hatukuwa na mtu. Siku aliyosema yupo, nami nilijua nipo. Mkimwita vingine, nani atakumbuka alivyokuja?"

Karani akamgeukia Mme Nthabiseng. "Na wewe, mama?"

"Mimi si mzazi," akasema. "Karatasi inasema mimi ni mpishi."

"Nimekuuliza."

Mme Nthabiseng akavuta blanketi lake. "Basi abaki Puleng. Jina hilo lilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho siku ile, nikampa. Nyumba yangu waliikataa, jina langu hawakulikataa. Juzi ningesema neno moja angebaki kwangu, sikusema. Kesho kutwa mnapanda ndege. Akikua akauliza ametoka wapi, jina ndilo litakalomwonyesha njia. Na mimi nikimkumbuka, mkimbadilisha, nitakuwa namkumbuka mtu ambaye hayupo kwenye karatasi yoyote."

Karani akaichovya kalamu. "Kwa sheria yetu," alisema, "wazazi wakitofautiana, mama wa cheti ndiye husema la mwisho."

Wote wakamtazama Nakiete. Akamtazama mumewe, ambaye yeye Nakiete hakuwa amemwambia "nenda." Akamtazama mjane, ambaye alikuwa ametamka mwenyewe neno la kumtenga na mtoto. Akafikiria sakafu ile ya saruji, na kimya kile. Mtoto alikuwa amesinzia, shavu kwenye uti wa mgongo wake, hajui kuwa anagombewa. Nakiete akafungua kinywa.

Nimeisimulia habari hii kwa wengi. Kina baba huniambia mambo ya kaburi si ya mchezo. Wajane husema Puleng. Mwalimu mmoja wa chekechea alisema mtoto akijitaja mwenyewe, mkubwa aweke kalamu chini. Mpaka leo sijapata kikao kilichokubaliana.

Sasa ni zamu yenu, nyinyi mnaonisikiliza. Mmoja alipoteza mazishi ya mama yake, mmoja alipoteza mtoto kwa kusema kweli, mmoja aliita miezi tisa bila kujibiwa. Wino unakauka kwenye kalamu ya karani. Je, nani alistahili kumpa mtoto yule jina?