Chambegu Watatu wa Jabali la Baridi

"Paukwa."

"Pakawa."

"Sogeeni karibu. Karibu zaidi, migongo igusane. Mmekaa?"

"Tumekaa."

"Basi ngano hii ni ya mwenzenu asiyekuwa na wa kukaa naye."

Hapo kale, juu ya Jabali la Baridi, aliishi Pimbi mmoja peke yake. Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura, masikio mafupi, mkia hana. Asubuhi pimbi huota jua wakiwa wameegemeana, mgongo kwa mgongo, mpaka baridi ya usiku iwatoke. Huyu hakuwa na mgongo wa kuegemea. Wenzake walipungua mmoja mmoja, akabaki yeye na shangazi yake. Masika yaliyopita, shangazi naye akafa.

Jina lake Pimbi huyu lilikuwa Chambegu, lakini hakuwapo wa kumwita. Kwa hiyo kila asubuhi alisimama ukingoni akajiita mwenyewe: "Chambegu, mjukuu wa Chambegu, umeamkaje?"

Mwangwi ukamrudia kutoka ng'ambo: amkaje... amkaje... amkaje...

"Salama," akasema Pimbi, akaenda kuota jua.

Mbele ya pango lake, kando ya mtini mmoja, palikuwa na mawe matatu. Aliyeyapanga ni shangazi. Katika ukoo ule, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Ndugu wawili wakizaa, kila mmoja humwita mwanawe Chambegu, kwa kuwa babu ni mmoja. Ndiyo maana Chambegu walijaa, na wazee walipohadithia, matendo ya huyu wakamvisha yule. Shangazi alikaa akawachambua polepole, kama mtu anayechambua mchele.

"Mwanangu," alimwambia Pimbi, "usiseme Chambegu tu. Sema Chambegu yupi. Alizaliwa na nani, alimzaa nani, aliacha nini."

Siku moja, chwapu, chwapu, chwapu, akapanda Fisi.

"Hodi, Chambegu."

Pimbi akashtuka. Tangu masika hajasikia jina lake likitoka katika kinywa cha mwingine. "Karibu. Nani mwenzangu?"

"Ndugu yako. Babu yangu ni Chambegu."

Fisi akajinyoosha penye jua. Mgongo wake ulikuwa mpana, wenye manyoya, na ulitoa joto. Pimbi akautazama sana. Akawaza, na kama ni kweli?

"Chambegu yupi?" akauliza.

"Yupi tena? Chambegu ni Chambegu."

"Alizaliwa na nani?"

"Na mama yake."

"Alimzaa nani?"

"Baba yangu. Hapa kwako ni shuleni?" Fisi akacheka, hihihi. "Kesho narithi, ndugu yangu. Pango langu, mtini wangu. Wewe utalala nje, lakini usijali, tutaitana ndugu."

Desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: anayetaka kurithi husimama juu ya jabali, majirani wakisikia, akataja mara tatu jina la marehemu. Akishalitaja, vyote alivyoacha marehemu ni vyake, vitamu na vichungu.

Pimbi akautazama tena ule mgongo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Je, tukiishi tu pamoja bila kurithi? Uwe mgeni wangu. Tuote jua."

"Mgeni huondoka," akasema Fisi. "Mimi nakaa."

"Haya. Basi chagua babu yako." Pimbi akaligusa jiwe la kwanza. "Huyu ni Chambegu wa Pango. Aliacha pango. Huyu wa pili ni Chambegu Kigugumizi. Aliacha mtini. Huyu wa tatu ni Chambegu wa Sharubu, binamu yake Kigugumizi. Alichoacha anacho Simba mpaka leo."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Kitu akikiweka Simba, ni nyama."

"Sikusema nyama."

"Wala hukusema si nyama." Mate yakamdondoka, to, to, to. "Ni babu yangu huyo. Na wale wengine pia. Wote ni mmoja. Aliishi sana, nyinyi mkamhesabu mara tatu."

"Tusiwatenganishe, ndugu?"

"Usiwatenganishe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Kesho yake majirani wakaja. Nungunungu akaja, Kanga akaja, Simba mzee akaja akalala chini ya jabali. Fisi akapaza sauti: "Namrithi Chambegu. Namrithi Chambegu. Namrithi Chambegu."

Simba akainuka. Tu, tu, tu, akapanda. "Chambegu yupi?"

"Wote, mzee. Nipe changu."

"Chambegu wa Sharubu alining'oa sharubu nikiwa nimelala. Nikaapa nitamng'oa masharubu yake yote, yeye au mrithi wake. Akafa hana mtoto. Miaka yote hii nimekuwa nikisubiri mrithi."

Fisi akarudi nyuma. "Aa, huyo siye babu yangu."

"Majirani, mmesikia alichosema?"

"Tumesikia," wakasema Kanga na Nungunungu.

Ng'o. Ng'o. Ng'o. Simba alipofika sharubu la mwisho, Fisi akachomoka, chwapu chwapu chwapu, akashuka jabali na uso laini kama yai.

Simba akamgeukia Pimbi. "Nawe je, Chambegu?"

"Mimi ni mjukuu wa Kigugumizi, mzee."

"Namkumbuka." Macho ya Simba yakalegea. "Alianza kunisalimu asubuhi, akamaliza adhuhuri."

Pimbi alitaka kumuuliza mengine, sauti ilikuwaje, alicheka vipi, lakini Simba alikwisha kushuka. Majirani nao wakaenda zao.

Asubuhi iliyofuata Pimbi alisimama ukingoni, akafungua kinywa. Ndipo akatambua Fisi alilipatia wapi jina lake. Akakifumba.

Akarudi penye mawe matatu. Jua lilikuwa limeyapasha moto. Akageuka, akaegemeza mgongo kwenye jiwe la babu yake.

"Umeamkaje, babu?" akanong'ona.

Akangoja. Jua likapanda, naye akangoja tu. Mwenye kigugumizi huchelewa kujibu.

Sasa mafunzo yake, wanangu. Babu zenu wakifanana majina, wafanyeni wote mmoja. Kazi itakuwa fupi na urithi utakuwa mnono. Anayebisha na akamuulize Fisi.

Ngano yangu naiacha hapa mlangoni. Aliye karibu na mwenzake, amwite jina lake.