Nyigu Aliyejipaka Harufu ya Sisimizi

Hebu niambie wewe uliyeukumbatia moto: ukiwa na chawa kichwani, utaajiri askari wa kuwalinda? Unacheka. Subiri.

Ngano, ngano?

Ilete, hata kama inawasha.

Zamani, kabla misumeno haijapanda mlimani, alikuwapo Mtarakwa, mti mkubwa ambaye ndege wote walilala kwake. Basi wakaja vidukari, vijidudu laini wasiofika punje ya ulezi. Wakajipanga kwenye matawi, wakatia midomo. Wakafyonza asubuhi, wakafyonza mchana, wakafyonza usiku. Majani yakageuka rangi ya kutu.

Mtarakwa akamlilia Tembo, Mkuu wa Msitu: "Mheshimiwa, nakauka."

Tembo alikuwa anakula. "Noted," akasema. "Tutaweka ulinzi."

Akaweka sisimizi. Jamani, sisimizi! Kidukari akishiba hudondosha tone tamu kwa nyuma, na tone hilo kwa sisimizi ndilo chai, ndilo chakula cha mchana, ndilo posho. Wakalinda kweli. Wakawalinda vidukari.

Akaja Kibibi, mdudu wa mgongo mwekundu wenye madoa meusi. "Hodi wakubwa. Mimi ninakula vidukari, sili kingine."

Msimamizi wa sisimizi, Kichwakikubwa, akanyoosha vipapasio. "Sogea ninuse. Mmh. Hunuki kwetu. Next."

Wakamng'ata miguu, akaanguka chali.

Akaja Inzi wa Maua, mama mwenye mistari ya njano. "Wanangu wanakula vidukari hata kabla hawajaota macho. Eksipiriensi ipo."

"Sogea ninuse. Mmh. Hunuki kwetu. Next."

Akabaki Nyigu, mwembamba kama kope. Huyu alikuwa msomi. Alisomea vidukari mpaka ndani ya matumbo yao, na bado alikuwa analala kwa shangazi yake. Na mayai yalikuwa yamemjaa. Nyigu wa ukoo wake hutaga ndani ya kidukari tu. Asipoupanda mti ule, wanawe watamfia tumboni.

"Mwanangu, si upeleke vyeti?" akasema shangazi.

"Shangazi, pale hawasomi. Pale wananusa."

Akaenda kwenye jalala la sisimizi, wanakotupa maiti zao na makombo yao. Akagaagaa kulia, akagaagaa kushoto, akagaagaa chali. Digrii ikamtoka, undugu ukamwingia.

Akapanda. Kichwakikubwa akanusa mara moja. Akanusa mara ya pili. Akanusa mara ya tatu.

"Aa, binamu, mbona hukusema? Wewe ni wa mama mkubwa yupi?"

"Wa yule wa bondeni."

"Namjua sana yule," akasema, na hakuna mama mkubwa wa bondeni. "Karibu chai."

Wakamlisha, mdomo kwa mdomo. Nyigu akameza, akashukuru, akaingia kazini. Choma, taga. Choma, taga. Choma, taga.

Vidukari wakaanza kuvimba, wakawa duara, wakang'aa rangi ya dhahabu. Sisimizi wakakimbia kwa Tembo: "Mheshimiwa, mifugo imenona."

"Hongereni," akasema Tembo. Hakuuliza mifugo gani.

Asubuhi moja Kichwakikubwa akaenda kukamua chai yake. Akampapasa kidukari wa kwanza: mtupu. Wa pili: mtupu. Wa tatu ana tundu mgongoni kama mlango, na mlangoni katokeza kinyigu anajifuta mdomo. "Shikamoo, mjomba."

Chai ilikwisha, sisimizi wakashuka wenyewe. Kibibi na Inzi wa Maua wakapanda kumalizia masazo. Mtarakwa akachipua.

Tembo akaitisha baraza. Akatoa nishani kwa ulinzi uliotukuka, akawapa nani? Sisimizi. Nyigu alipojitokeza kusema, akaambiwa asubiri nje. Kisha wenye nishani wakatumwa kumlinda Podo, mti jirani, ambaye naye ameanza kunyauka.

Funzo ni hili: mlinzi anayekula sahani moja na mwizi, hata asiposinzia, mtaibiwa tu.

Ngano yangu nimeitua, mwenye kiazi kilichoiva anisogezee. Msomi halipwi, msimuliaji naye halipwi, lakini anakula.

Na nyie mnaokalia kiti cha Tembo, najua mnasikia. Waondoeni sisimizi kwa Podo leo, si kikao kijacho. Na atakayebisha hodi pale mlangoni mwulizeni anajua kufanya nini. Mkome kumnusa.